Sinki Si Jalala, Wanangu

Kaeni, wanangu. Nawe wa chumba cha mbele kaa, usijifanye una haraka, leo Jumapili. Sinki limeziba tena, na kila ninayemuuliza ananijibu, "Mzee, limeziba lenyewe." Sinki halijizibi. Huzibwa kidogo kidogo na mikono yetu, mpaka siku maji yanapogoma kushuka ndipo tunaanza kutafutana uchawi.

Nianze na mafuta, maana ndiyo shina la fitina yote. Supu ya ng'ombe ikilala sufuriani, asubuhi mnakuta nini juu yake? Utando mweupe, mgumu, unaoweza kuuinua kwa kijiko. Hapo ni Dar es Salaam, na joto letu hili. Kipupwe kikiingia, hata mafuta ya nazi yanaganda kwenye chupa. Sasa mafuta yale yale mnayamwaga sinkini yakiwa ya moto, yanateleza vizuri, mnafurahi. Yakifika kwenye kona yanapoa na kung'ang'ania ubavuni mwa bomba. Kesho machicha ya nazi yananasa hapo. Keshokutwa majani ya chai, magamba ya changu, ukoko wa wali. Bomba la inchi 2 linabaki na tundu la kupitisha kidole.

Najua jibu lenu: tunamwagia maji ya moto. Maji ya moto yanayahamisha tu. Yanayeyuka hapa, yanakwenda kuganda chini ya sakafu, mahali ambapo fundi hafiki mpaka avunje vigae. Tena bomba la plastiki haliwezi maji yanayochemka kila siku. Linalegea, linabonyea katikati, na pale lilipobonyea ndipo uchafu unapotuama.

Ninachoomba si kikubwa. Sufuria ya mafuta ipanguseni kwa gazeti kabla haijaguswa na maji, gazeti litupeni kwenye takataka. Mafuta yaliyochoka yaacheni yapoe, myatie kwenye dumu. Pale sinkini pakae chujio, la shilingi chache tu, na atakayeliondoa kwa sababu eti linachelewesha maji aje aniambie mwenyewe. Machicha ni chakula cha kuku; bibi yenu hakuwahi kumwita fundi bomba kwa ajili ya machicha. Mtasema bibi hakuwa na sinki. Kweli. Alikuwa na kuku.

Na mchanga je? Anayesugua sufuria lenye masizi kwa mchanga akasugulie nje, asuuzie nje. Mchanga hauyeyuki, hauozi, unashuka chini na kukaa.

Mabinti zangu, sina ugomvi na misuko yenu. Lakini rasta zikifumuliwa bafuni zinakwenda kujisokota kwenye tundu la maji, kipande cha sabuni kinazishika, na siku ya tatu mnaoga mkiwa mmesimama kwenye dimbwi. Okoteni nywele kabla hamjafungua maji.

Chooni sitaki maneno mengi. Pampasi, pedi, pamba, vitambaa: ndoo ya takataka ipo. Zile tishu zenye unyevu za kumfutia mtoto zinawadanganya watu kwa jina. Tieni moja kwenye ndoo ya maji, mkoroge, halafu mtie na karatasi ya chooni. Karatasi itachanguka, ile nyingine itabaki nguo vile vile. Na msidhani haya ni ya uswahilini kwetu tu. London, mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, walikuta donge la mafuta na vitambaa vya namna hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Wakapiga kazi wiki kadhaa kulivunja. Kipande chake wakakiweka makumbusho, watu wakaenda kutazama.

Kuna kijana hapa, simtaji, aliufungua ule mpindo wa bomba chini ya sinki akaweka bomba lililonyooka, eti maji yaende mbio. Mwanangu, ule mpindo umewekwa makusudi. Ndani yake yanabaki maji kidogo, na maji hayo ndiyo yanayoziba njia ya harufu na mende wa shimoni. Ukiona mende anatokea sinkini usiku, usinunue dawa, rudisha mpindo. Nao unafunguka kwa mkono: weka ndoo chini, fungua, safisha, funga. Wala hamna haja ya fundi.

Hili la dawa nalisema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Asiwepo wa kumwaga maji ya betri. Asiwepo wa kuchanganya dawa ya klorini ya kufulia na asidi ya kusafishia choo, kwani hutoka hewa ya sumu inayoweza kumuua mtu bafuni humo humo. Hata ile magadi kali ya kuzibulia hutoboa macho ikiruka, na ikishuka kwa wingi shimoni inaua vijidudu vinavyoyeyusha kinyesi. Shimo linajaa mapema, gari la maji taka linaitwa, na bei yake mnaijua.

La mwisho ni chemba ya uani. Kuna watu mtaani humu, mvua ikianza, wanainua mifuniko na kutapisha vyoo, mvua ichukue. Ichukue iende wapi? Inakwenda barazani kwa jirani, kwenye kisima chake, miguuni mwa watoto wanaocheza mtaroni. Mnakumbuka kipindupindu kilivyotulaza Agosti 2015, kikaanzia jijini humu kikasambaa mikoani. Basi jamani, masika haya, nawaomba: mfuniko wa chemba yetu asiuguse mtu, na chemba ikijaa niiteni, hata usiku wa manane.