Nani Anabisha Hodi Kibera?

Jirani yangu hapa Kawangware hutoka saa kumi na moja alfajiri, anapiga mguu hadi Industrial Area kutafuta kibarua. Nilipomwambia naenda Pwani kutembea kwa miguu siku nne, aliuliza kama nimekosa nauli. Nikamjibu kwamba nauli ninayo, ndiyo maana naenda. Alicheka mpaka akakaa chini.

Miguu ni ileile, jasho lilelile. Tofauti, naona, iko kwenye kusimama. Yeye akisimama njiani kutazama kitu, geti linafungwa na kazi inachukuliwa na mwingine. Mimi nilikuwa nimenunua ruhusa ya kusimama. Lakini nisimame nitazame nini? Mara nyingi ni maisha ya watu.

Tulianza Tiwi, mimi na rafiki yangu. Mto Mwachema tuliuvuka maji yakiwa yamekupwa, viatu mkononi, karibu na msikiti wa Kongo. Usiku wa kwanza tulikuwa tumelala hemani, uani kwa mtu. Wa pili gesti ya Ukunda yenye feni inayolia kama punda. Wa tatu Gazi, kwa mama mmoja aliyekataa pesa zetu katakata.

Kabla ya Gazi tulipita Kaya Kinondo. Huo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa misitu ya kaya iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Huingii hivihivi. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, unapewa mwenyeji wa kukuongoza, unaambiwa usichukue hata jani. Mgeni analipa, sawa, lakini masharti yamewekwa na wenyewe. Gazi ni vivyo hivyo: akina mama wamejenga njia ya mbao juu ya mikoko, na ukitaka kuikanyaga unawalipa wao.

Nikiwa nimefungwa ile kaniki nikakumbuka Kibera, nilikozaliwa na kukaa hadi nilipoacha chuo. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Wanubi, kibra, yaani msitu. Tukiwa watoto, wageni wenye kamera walipita vichochoroni na sisi tukawaimbia "hawayu, hawayu." Mama zetu walikuwa wanafua. Hakuna aliyepiga hodi.

Vijana niliokua nao leo wanaongoza ziara hizo, na mimi siwezi kuwabeza. Ile pesa inalipa kodi ya nyumba. Tatizo langu ni kwamba ruhusa ya kiongozi mmoja haiwi ruhusa ya ploti nzima. Kinondo wazee wana uwezo wa kusema hapana. Kibera ataikatalia nani? Mwaka 2017 Wanubi walipata hati ya ekari 288, baada ya kuishi pale zaidi ya miaka mia moja. Wengine wengi ni wapangaji, na mpangaji hana msitu wa kuulinda, ana mlango wa mabati, tena unaofunguka kwenye njia ya kila mtu. Ndiyo maana sikubali ule utetezi kwamba "watu hawajalalamika." Mtu asiye na pa kukatalia, kunyamaza kwake si kukubali.

Yule mama wa Gazi alituhoji kwanza, tena kweli kweli. "Mwatoka wapi, wanangu? Mamako ni nani? Ajua uko huku?" Angeweza kutufukuza. Chai na mahamri vilikuja baada ya majibu, na nadhani ndiyo sababu nilikula bila kuona haya.

Niliporudi, rafiki mmoja anayeongoza ziara aliniomba nimwandikie maelezo ya kuvutia wageni. Nikamwambia aanze na akina mama wa pale kwenye bomba la maji, awaulize njia ipi ipitwe na saa ngapi kamera zifungwe.

"Hao watataka pesa, bro."

"Si ndio uwape?"

Bado tunabishana. Hayo maelezo sijayaandika.