Siri ya Ustadi na Siri ya Aibu

Wako wasemao kuwa siri ni heshima, na wako wasemao kuwa siri ni hila. Kauli zote mbili zina ukweli, na kwa sababu hiyo hakuna hata moja inayotosha kuwa hukumu. Napenda kuzipima kwa jambo dogo la jikoni, maana mara nyingi mambo madogo hutufunza namna ya kuyapima makubwa. Swali langu ni hili: je, ni halali mtu kumlisha mwenzake na kupokea fedha zake, huku akimficha jinsi chakula kilivyotengenezwa?

Katika mji wa Clifton, jimbo la New Jersey nchini Marekani, si mbali na jiji la New York, kuna mkahawa uitwao Rutt's Hut. Ulifunguliwa mwaka 1928. Sifa yake imesimama juu ya chakula cha watu wa kawaida: soseji iliyotiwa ndani ya mkate mwororo. Mahali pengi soseji ya namna hii huchemshwa kwa maji au huchomwa juu ya moto. Hapa hutumbukizwa katika mafuta mengi yenye moto mkali hata ngozi yake ikapasuka. Wenyeji huiita ripper, kwa maana ya kitu kinachoraruka. Mpishi mwingine angeiona soseji iliyopasuka kuwa imeharibika, lakini huko mpasuko wenyewe ndio sifa.

Juu ya soseji huwekwa achari ya rangi ya manjano inayotengenezwa na mkahawa wenyewe. Si achari ya vipande vikubwa kama ile ya maembe au ndimu iliyozoeleka Pwani. Imekatwakatwa ikalainika hata ikakaribia kuwa rojo. Aionjaye hutambua haradali, kabichi, karoti na vitunguu. Lakini vipimo vyake na namna ya kuipika hufichwa, na wengi waliojaribu kuiiga majumbani mwao wameibahatisha tu. Mafuta kila mtu anaweza kuyachemsha, na soseji hutoka kiwandani. Achari ndiyo kazi ya mkono wa nyumba ile, na ndiyo iliyofungiwa kufuli.

Sasa, msomaji, tazama jambo la ajabu. Ndani ya mkate mmoja zimelala siri mbili, moja juu ya nyingine. Achari ina siri yake, na soseji ina yake. Siri ya soseji ni ya zamani zaidi. Jina ambalo Wamarekani wamekipa chakula hiki, hot dog, maana yake ni mbwa moto. Lilitokana na mzaha wa karne ya 19: watu walishuku kuwa nyama iliyosagwa na kufichwa ndani ya ngozi yaweza kuwa nyama ya mbwa. Mzaha ulikuwa mzaha, lakini shaka iliyouzaa ilikuwa ya kweli. Mwaka 1906 Upton Sinclair alitoa riwaya yake iitwayo The Jungle, iliyoeleza viwanda vya nyama vya Chicago na uchafu uliotiwa katika soseji. Alikusudia kuamsha huruma kwa wafanyakazi. Wasomaji wengi wakashtushwa zaidi na chakula chao wenyewe. Rais Theodore Roosevelt alituma watu wachunguze, na wakaona kwa macho yao kuwa viwanda vilikuwa vichafu. Tarehe 30 Juni mwaka huo huo zilitiwa sahihi sheria mbili, moja ya ukaguzi wa nyama, nyingine ya usafi wa vyakula na dawa.

Basi, mwenye kiwanda cha Chicago alificha, na mpika achari wa Clifton anaficha. Je, wote wawili wana kosa moja? Moyo wakataa, lakini akili yataka sababu. Sababu naiona hii. Mwenye kiwanda alificha kile ambacho mlaji angalikijua asingalikula. Mpika achari anaficha kile ambacho mlaji akikijua atakula vile vile, ila pengine atakula kwake. Siri ya kwanza ni pazia la aibu. Siri ya pili ni ukuta wa shamba. Mpishi na ajiulize: jambo hili likitangazwa leo, nani atakayelalamika kwa haki? Ikiwa ni yeye peke yake, kwa kuwa wengine watamwiga, siri yake ni ya ustadi. Ikiwa ni mlaji, kwa kuwa amelishwa asichokikubali, siri hiyo ni ya aibu, hata kama chakula chenyewe kilikuwa kitamu.

Huenda mtu akapinga kwa kusema kuwa elimu haipungui kwa kugawiwa, na kwamba anayeificha ni bahili. Neno hili ni zuri, lakini lamsahau mtu anayeishi kwa elimu yake. Sheria ya Marekani haiyapi maandishi ya orodha tupu ya viungo haki ya kumilikiwa kama kitabu. Mvumbuzi aweza kuomba hataza, lakini hataza humtaka autangaze uvumbuzi wake, naye hulindwa kwa miaka 20 tu tangu siku ya kuomba. Siri ya biashara hulindwa muda wote inapohifadhiwa. Ila mtu mwingine akiigundua kwa kujaribu mwenyewe, bila kuiba wala kurubuni, hana kosa. Naona haki katika mpango huu. Mpishi hamzuii mtu kufikiri, bali anakataa kufikiri kwa niaba yake.

Hata hivyo, siri ya ustadi ina mipaka miwili, na anayeivuka huingia katika ile ya aibu.

Mpaka wa kwanza ni mwili na dhamiri ya mlaji. Wako watu ambao haradali huwaletea mzio mkali. Sheria za Umoja wa Ulaya zimeiweka haradali katika orodha ya vitu 14 ambavyo lazima mlaji aarifiwe. Orodha ya Marekani ina vitu tisa, na haradali haimo. Tena soseji nyingi za Marekani huchanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, na wako ambao dini yao imewaharamishia nguruwe. Mtu kama huyo haulizi ni vijiko vingapi. Auliza kuna nini. Mpishi ana haki ya kuficha kiasi, hana haki ya kuficha kilichomo. Wala asingoje kulazimishwa na sheria, kwa kuwa sheria za nchi hutofautiana, na koo la binadamu ni moja.

Mpaka wa pili ni mrithi. Nilikuwa na shangazi aliyejulikana mtaani kwa achari yake ya ndimu. Majirani walipomwuliza siri yake alicheka, akasema ni mkono tu. Sisi wa nyumbani hatukuuliza, kwa kudhani kuwa siku zipo. Alipofariki ilibaki chupa moja kabatini. Tuliila kwa ncha ya kijiko, na ilipokwisha, ilikwisha duniani. Simlaumu marehemu kwa kuwaficha majirani, maana ilikuwa biashara yake. Lakini alipaswa kumwambia mtu mmoja, nasi tulipaswa kumwuliza. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Achari ya Clifton ingalipo baada ya miaka zaidi ya 90, nayo isingalikuwapo kama kila aliyeipika angalizikwa nayo.

Basi jibu langu ni kuwa siri si tendo jema wala baya kwa asili yake. Hupata sura kutokana na kile inachokilinda. Alindaye jasho lake na alinde, mradi aulizwapo kilichomo aseme kweli, na mradi awepo mmoja wa kumrithisha. Alindaye aibu yake ajue kuwa mlaji alikwisha dhulumiwa siku ile aliyokula, si siku ile atakayojua. Nasi tunaokula tuwe na adabu ya kutodai kila kitu, na ujasiri wa kuuliza lile moja linalotupasa.