Daftari la Matundu Yaimbayo

Hebu tulitazame pamoja, ndugu msomaji, gombo hili la karatasi lenye upana wa inchi 11 na robo, lililotobolewa vitundu vilivyotapakaa kama nyota za usiku usio na mwezi. Halina noti hata moja iliyochorwa. Lakini liweke katika kinanda kinachojipiga chenyewe, ukanyage pedali ili mivukuto ifyonze hewa, nawe utaona ajabu: kila kitundu kipitapo juu ya upau wa shaba, nyundo yake huamka ikagonga waya, na vibonyezo vikashuka na kupanda bila kidole kuvigusa.

Lakini vidole vilikuwapo hapo awali. Novemba 1905, mjini Leipzig, mtunzi Gustav Mahler aliketi mbele ya chombo cha kampuni ya Welte akapiga vipande vinne vya muziki wake mwenyewe, na upigaji huo ukanakiliwa kwenye magombo. Alifariki mwaka 1911, na zaidi ya magombo hayo hakuacha kumbukumbu nyingine ya upigaji wake. Mkono alioufinyanga Muumba umerudi mavumbini, lakini pale uliposita na pale ulipoharakisha pangali pameandikwa kwa matundu. Ni nani asiyeshukuru?

Hata hivyo, mali bila daftari hupotea bila habari. Matundu hayamtaji aliyepiga, na kibandiko kilicho mwanzoni mwa gombo huchanika, au hata husema lisilo kweli. Kijana George Gershwin, alipoanza kazi ya kupiga muziki wa magombo Marekani mwaka 1916, baadhi ya magombo yake yaliuzwa kwa majina ya kubuni kama Fred Murtha na Bert Wynn. Asiye na kitabu cha orodha ya magombo atalishika gombo la Gershwin mkononi asijue ameshika nini. Na si jina tu. Mwaka 1908 watengenezaji walikutana Buffalo wakakubaliana kipimo kimoja cha magombo ya vibonyezo 88, lakini mifumo ya vinanda ya Welte, Duo-Art na Ampico kila mmoja ulikuwa na matundu yake ya kuamuru sauti ipae au inyenyekee. Gombo la mfumo huu likiwekwa katika kinanda cha mfumo ule, hisia zote huvurugika.

Ndiyo maana nawaheshimu mno waliokaa miaka wakikusanya habari hizi, haba na haba, hadi kibaba kikajaa. Harvey Roehl alitoa kitabu chake kuhusu vinanda hivi mwaka 1961, kikiwa kimesheheni matangazo na picha za enzi yake. Q. David Bowers akafuata mwaka 1972 na ensaiklopidia nene ya ala zinazojiendesha. Mimi, lakini, moyo wangu uko zaidi kwenye orodha zisizo na mapambo: ile ya Elaine Obenchain ya magombo ya Ampico, ya mwaka 1977, na ile ya Welte ya Charles Davis Smith na Richard Howe, ya mwaka 1994. Ukurasa baada ya ukurasa ni namba, mtunzi, mpigaji, namba, mtunzi, mpigaji, kwa utaratibu unaotuliza nafsi.

Karatasi za zamani hukauka, kingo zikapasuka. Mwenye vitabu hivi rafuni, akiokota gombo lililobakiwa na namba tu, huifuata namba ile hadi kwenye mstari wake, na kabla hajakanyaga pedali huweza kuwaambia waliokaa naye watakayemsikia ni nani.