Nasaha kwa Aliyekosa Chuo Awamu ya Kwanza

Majina ya awamu ya kwanza ya udahili yakishatangazwa, huzuka kwa vijana wetu tabia ambayo kila mwaka inazidi kuota mizizi, na wazazi wanaipalilia. Kijana aliyekosa chuo hujifungia ndani na simu yake, akafungua akaunti ya maombi asubuhi, mchana na usiku wa manane, ilhali jibu ni lile lile. Akichoka hapo huanza kuwadodosa wenzake pointi zao, na kila jibu analopata linamkondesha. Uchungu wake ni wa haki, wala simlaumu kwa kulia siku mbili tatu. Ninachokikemea ni kulifanya jibu la chuo kuwa hukumu ya maisha. Chuo kilijibu swali moja tu: kwa kozi hii, mwaka huu, kwa nafasi zilizopo, je, alama zake zilitosha kuwapita walioomba naye? Hakikuulizwa kama ana akili, wala kama atakuja kuwa mtu wa maana.

Tazameni utaratibu wenyewe. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa aliyetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili yanayohitajika kwenye kozi, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, A ikihesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Mwenye D mbili amefikisha sifa, lakini sifa humruhusu mtu kupanga foleni tu, haimpeleki dirishani. Kozi ya udaktari inatazama Fizikia, Kemia na Baiolojia, na wanaoigombea wengi wana alama za juu katika yote matatu. Hapo ndipo linapokuja lalamiko ninalolisikia kila msimu: mbona fulani ana pointi chache kuliko mwanangu na amechaguliwa? Kwa sababu fulani aliomba ualimu na mwanao aliomba udaktari. Pointi za kozi mbili tofauti hazilinganishwi. Upendeleo ukiwapo una mahali pa kushtakiwa, ila kuutangaza barazani bila ushahidi ni kuwasingizia watu.

Tena tangu 2017 waombaji hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, na kila chuo huchuja waombaji wake. Kukataliwa na kimoja, basi, si kukataliwa na nchi nzima. Wapo pia wanaochaguliwa na vyuo viwili au vitatu kwa mpigo, nao wanatakiwa kuthibitisha kimoja tu. Viti wanavyoviacha ni miongoni mwa vile vinavyogombewa awamu ya pili. Kijana anayekesha akihesabu bahati yake anajaribu kukokotoa jambo ambalo limo mikononi mwa watu asiowajua na ambao wenyewe hawajaamua.

Nitaambiwa kwamba asiye na wasiwasi hajali. Sikubali. Anayejali husoma mwongozo wa udahili, akaenda steshenari na orodha yake mkononi, akakaa karibu na anayemjazia fomu na kuhakiki namba ya mtihani wa kidato cha nne tarakimu kwa tarakimu. Wengi huwaachia vijana wa steshenari wawachagulie hata kozi, au hunakili machaguo ya rafiki yao. Usisafirie nyota ya mwenzio. Aliyeomba kozi zenye ushindani mkali peke yake, akakosa, kisha akarudia zile zile awamu ya pili, asiseme ana mkosi.

Wengine husema mwaka utapotea. Kwa baadhi utachelewa, ni kweli, na si vizuri kuwadanganya. Lakini stashahada yenye wastani wa GPA 3.0 nayo hufungua mlango wa shahada, Chuo Kikuu Huria kina programu yake ya msingi, na mtihani unaweza kurudiwa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mzazi anayeiita stashahada aibu mbele ya mwanawe anamvunja mtoto mguu kisha anamwambia akimbie.

Usimpe hata senti mtu anayedai ana ndugu ofisi ya udahili.

Nanyi wajomba na mashangazi, acheni kuuliza "umepata chuo gani?" mbele ya wageni. Aliyepata atasema mwenyewe. Aliyekosa mnamlazimisha achague kati ya uongo na fedheha, na akishadanganya mara moja atalazimika kuulinda uongo huo hadi Oktoba.

Na wewe uliyechaguliwa kwingi, thibitisha leo. Kuvikalia viti vitatu ili watu wakusifu ni utovu wa adabu, maana kuna wenzako wanaosubiri viwili kati ya hivyo.