Shinikizo la Mtungi na Haki ya Jirani Asiyeulizwa

Barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi hupita katikati ya Kambu, mji mdogo wa Kaunti ya Makueni ulioko kati ya Mtito Andei na Kibwezi, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mizigo inayoshushwa bandarini kwa ajili ya bara hufuata njia hiyo, wakazi wake huishi kando ya shehena ambazo hawakuziagiza, hawazitumii wala hawaambiwi zilivyo. Miongoni mwa shehena ambazo binadamu husafirisha, mitungi ya gesi za sumu zilizoshindiliwa ndiyo huibua kwa ukali zaidi swali la kale la maadili: ni kwa haki gani mtu humpitishia mwenzake hatari ambayo huyo mwenzake hakuikubali?

Swali hilo halijibiki pasipo kuuelewa kwanza mtungi wenyewe. Shinikizo, yaani nguvu ambayo gesi husukumia kuta za chombo kilichoizuia, hupimwa kwa kipimo kiitwacho bar; gurudumu la lori huwa na takriban bar 8, ilhali mtungi wa gesi iliyoshindiliwa aghalabu hujazwa hadi bar 200. Kanuni za mfano za Umoja wa Mataifa kuhusu usafirishaji wa bidhaa hatari zinaagiza kwamba shinikizo la kazi, yaani lile la gesi iliyotulia kwenye nyuzi 15 za Selsiasi, lisizidi theluthi mbili ya shinikizo ambalo mtungi ulijaribiwa kulihimili, na kwamba shinikizo la ndani lisilipite hilo la majaribio hata joto likifika nyuzi 65. Kwa hiyo mtungi wa bar 200 sharti uwe umejaribiwa kwa bar 300, tarakimu ambayo hugongwa kwenye bega lake la chuma, na ukipata joto hadi nyuzi hizo 65 utakuwa na takriban bar 235. Nafasi inayobaki kati ya 235 na 300 ni stahili ya mtu wa kando ya njia, wala mjazaji na mwenye lori hawana ruhusa ya kuila, hata pale ambapo hakuna wa kuwaona.

Kwa gesi nyingine, kosa huweza kuwa na pa kupumulia, kwa maana vali ya usalama, ikiwepo, hufunguka shinikizo likizidi, gesi kidogo ikatoka, mtungi ukanusurika. Kwa sumu kali kabisa, kanuni hizo hizo zinakataza vali ya namna hiyo. Ukali hupimwa kwa kiwango cha gesi hewani, kwa sehemu kati ya milioni moja, kinachoua nusu ya panya wa majaribio walioivuta kwa saa 1, na mpaka wa katazo ni 200 kushuka chini. Fosfini, gesi inayotoka kwenye tembe za kufukizia nafaka ghalani, ina kiwango cha 20. Ikichanganywa na naitrojeni, hesabu huonyesha kwamba asilimia 10 tu ya fosfini inatosha kuufikisha mchanganyiko mzima kwenye mpaka huo. Sababu ya katazo inastahili kutafakariwa sana: kile kidogo ambacho kingetolewa ili kuuokoa mtungi ndicho kingemuua jirani. Hapo mtungi hauna toba ya baadaye, na wema wote wa mjazaji hukamilika au hukosekana siku ile anapofunga vali.

Lakini je, kuna kosa kabla ajali haijatokea? Mwanateolojia John Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko Kitui, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ni Sasa na Zamani, na kwamba yajayo karibu hayapo kwa kuwa hayajatokea. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga, na wengine pia. Hata hivyo, aliyeichukua hoja ya Mbiti kuwa kisingizio cha kutojali ajali isiyotokea bado angekuwa hakumsoma vizuri, maana Mbiti mwenyewe aliyatenga yale yaliyo ndani ya mwendo wa maumbile, kama msimu wa mvua au kucha kwa jua, akayahesabu kuwa yamo katika wakati. Gesi kupanda shinikizo kwa joto la mchana wa Kambu ni jambo la namna hiyo. Anayejaza kupita kiasi amekwisha kutenda, na tendo lake liko kwenye Sasa, hata mtungi ukifika salama.

Torati inalitambua jambo hili inapomtia hatiani mwenye ng'ombe aliyeua mtu, iwapo mwenyewe alikwisha kuonywa kwamba ng'ombe huyo ana tabia ya kupiga watu pembe na asimfunge. Na fikihi ya Kiislamu, ambayo madereva wengi wa pwani wamelelewa nayo, inakataza kumdhuru mwingine hata kwa kutumia kilicho mali yako. Tarakimu kwenye bega la mtungi ni onyo kama lile alilopewa mwenye ng'ombe, na aliyeisoma hawezi tena kusema ni bahati mbaya.

Itasemwa kwamba manufaa ni ya wote, kwa kuwa klorini husafisha maji ya kunywa. Ni kweli, lakini madhara huwaangukia walio karibu: mwaka 2015 mafuta yalipovuja kutoka bomba la Mombasa na Nairobi huko Thange, katika eneo hilo hilo la Kibwezi, yaliyochafuka yalikuwa maji na udongo wa wenyeji. Kwa kuwa haiwezekani kuomba idhini ya kila kaya kando ya barabara ndefu hivyo, kiasi cha shinikizo husimama mahali pa idhini hiyo, na anayekivuka hupita bila ruhusa. Mizani ya Mariakani, kwenye barabara hiyo hiyo, hupima uzito wa lori, haipimi kilichomo mtungini. Mitungi ya sumu hutakiwa kujaribiwa upya kila baada ya miaka 5, lakini jaribio hilo nalo halimwambii jirani kilichomo, na ndiyo maana mwenye mzigo anawiwa na watu wa Kambu kuwajulisha, kwa lugha wanayoisoma, ni gesi gani inayopita na wakimbilie upande gani ikivuja.