Mbingu saba na matabaka ya hewa: Je, hoja dhaifu inafaa kutetea haki?

IMEKUWA jambo la kawaida katika mihadhara yetu, katika vijitabu na sasa katika video zinazozunguka kwenye simu, kumsikia mzungumzaji akidai kwamba mbingu saba zilizotajwa ndani ya Qur'an ni matabaka saba ya hewa inayoizunguka dunia. Huyataja moja baada ya jingine: troposfia, stratosfia, ozonosfia, mesosfia, themosfia, ayonosfia na eksosfia. Saba zinatimia, takbira inapigwa, mhadhara unaendelea.

Ukweli wa Qur'an hapa sina mjadala nao. Ninachouliza ni suala la maadili: je, inafaa Muislamu kutumia hoja dhaifu kwa sababu tu anachokitetea ni haki?

Hebu tuitazame hesabu yenyewe. Wataalamu huigawa angahewa kwa kuangalia jinsi joto linavyobadilika kadiri unavyopanda. Katika tabaka la chini, troposfia, ambamo mna mawingu, mvua na sisi wenyewe, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 hivi kwa kila kilomita moja. Ndiyo maana kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, kina barafu ilhali kiko karibu na Ikweta. Kwetu huku tabaka hili hufika kilomita 16 hadi 18. Kwenye ncha za dunia ni kama 8 tu. Ukiingia stratosfia mambo yanageuka, joto linaanza kupanda, kwa sababu gesi ya ozoni iliyomo humo inafyonza miale ya jua yenye kudhuru. Kuanzia kilomita 50 hivi ni mesosfia, na baridi inarudi, kali kuliko ya mwanzo. Kisha themosfia, joto tena. Mwisho ni eksosfia, ambako hewa inapotelea angani. Hayo ni matano, na wapo wanaohesabu manne kwa kuwa la mwisho halina mpaka unaoeleweka.

Sasa saba zimetoka wapi? Ozoni, ambayo sehemu yake kubwa imo ndani ya stratosfia, imetolewa na kuhesabiwa peke yake. Ayonosfia, yaani eneo lenye chembe za umeme linalorudisha chini mawimbi ya redio ya masafa mafupi, imo ndani ya mesosfia na themosfia, nayo imehesabiwa peke yake. Ni kama mtu anayehesabu vyumba vya nyumba yake, akahesabu sebule, kisha akahesabu na zulia la sebuleni.

Na ukibadilisha kipimo, idadi nayo inabadilika. Ukiangalia namna gesi zilivyochanganyika utapata matabaka mawili tu. Chini ya kilomita 100 hivi, naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21 na argoni karibu 1 zimechanganyika kwa uwiano ule ule. Juu ya hapo gesi nyepesi huanza kujitenga na nzito. Anayetaka saba atazipata, na anayetaka tisa naye hatakosa. Tena tukumbuke kuwa hadi mwaka 1902, Mfaransa Léon Teisserenc de Bort alipotangaza matokeo ya maputo yake yenye vipimajoto, wengi walidhani baridi huzidi tu kadiri unavyopanda. Mhadhiri wetu angeishi mwaka 1900 angesemaje?

Lililo zito zaidi ni kwamba Qur'an yenyewe, katika Suratul Mulk, inaeleza kuwa mbingu ya karibu imepambwa kwa taa, na wafasiri wanasema hizo ni nyota. Ni nyota ipi iliyomo ndani ya troposfia? Jua peke yake liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Anayesema mbingu ya kwanza ni troposfia anaitetea aya moja kwa kuipinga nyingine.

Nimeshaambiwa, "Ustadhi, acha, watu wanasilimu kwa hoja hizi." Sikatai. Lakini mimi nafundisha vijana wa sekondari, na mmoja wao alinijia na kijitabu mkono mmoja na kitabu cha Jiografia mkono mwingine. Hakuuliza ipi ni idadi sahihi, hilo alishalijua. Aliuliza: "Kama hili limetengenezwa, na mengine je?" Kijana huyo aliambiwa kuwa imani yake imesimama juu ya idadi hii, na sasa idadi imeanguka. Nani atabeba dhima yake?

Wanazuoni wetu wana mfano mwingine. Katika karne ya 11 huko Andalusia, kadhi wa Jaén, Ibn Mu'adh al-Jayyani, aliandika juu ya mwanga wa alfajiri. Alichukua kiasi ambacho jua linakuwa chini ya upeo wakati weupe wa kwanza unapotokea mashariki, kama digrii 18, akakokotoa kimo cha hewa inayotupa mwanga huo, akapata maili zaidi kidogo ya 50. Leo tunajua hewa haikomei hapo, ingawa karibu uzito wake wote uko chini ya kimo hicho. Kadhi huyu hakuwa na idadi aliyoitafuta tangu mwanzo. Alipima.

Jambo alilolishika linatugusa kila siku. Wakati wa Alfajiri jua bado halijachomoza. Ni hewa ya juu inayolipokea na kututawanyia nuru yake. Mwezini hakuna hewa ya namna hiyo, na waliotembea huko kati ya 1969 na 1972 waliona anga jeusi mchana, jua likiwaka. Vijana wangu nimewapa kazi: waamke, watazame mashariki mahali pasipo na taa za mji, wahesabu dakika tangu weupe wa kwanza hadi jua kuchomoza. Kwetu huku karibu na Ikweta, digrii 18 ni kati ya dakika 70 na 80.