Marehemu Asiye na Kaburi

Katika mazishi ya Kiislamu pwani, kabla jeneza halijaondoka, watu huulizwa: nani anamdai marehemu? Deni hulipwa kwanza, ndipo mirathi igawanywe.

Kampuni nayo ni mtu mbele ya sheria, ila haina kaburi. Nakumatt, maduka makubwa ya Kenya yenye nembo ya tembo, wadai wake walipiga kura yafilisiwe Januari 2020. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 humtanguliza mfanyakazi, hadi shilingi 200,000. Lakini benki yenye dhamana mara nyingi imeshachukua chake.

Torati inataka kibarua alipwe kabla jua halijatua. Kasha likiwa tupu, dhambi ni ya nani? Pengine ya aliyejua mapema akanyamaza, huku watu wakiendelea kupanga bidhaa rafuni.

Na mwenye kioski mtaani, aliyewakopesha wafanyakazi hao unga, daftari lake bado limejaa.